Kinyozi Hajinyoi: Historia ya Mkato wa Nywele za Kipilipili

Methali isemayo kwamba kinyozi hajinyoi hutumiwa aghalabu kuwaasa watu kuwa hakuna binadamu ajitoshelezaye. Maana hiyo ni njema, lakini yafaa mara moja moja kuirudisha methali pale ilipozaliwa, mbele ya kinyozi. Kichwa ni kiungo ambacho mwenyewe hakioni ila kwa kioo, na kisogo chake hakioni hata kwa kioo kimoja. Atakaye kukatwa nywele hana budi kujitoa katika mikono ya mwingine, na pamoja na mikono hiyo hulipokea jicho la mwenye mikono. Jicho hilo ndilo huamua nini kimezidi kiondolewe, na nini kimepungua kiachwe kikue. Kwa hiyo swali dogo ambalo kila mtu hujiuliza, yaani mkato gani utanipendeza, limebeba swali jingine ndani yake: utanipendeza kwa jicho la nani?

Insha hii yataka kulifuata swali hilo katika historia ya watu wenye nywele nene zenye kujisokota, zile tuziitazo nywele za kipilipili. Mfano wake mkubwa ni watu weusi wa Marekani, tangu mwanzo wa karne ya 20 hata miaka ya 1970, kwa sababu huko jibu la swali liligeuka mara mbili katika umri wa mtu mmoja, na mjadala wa namna hiyo ukazuka pia Dar es Salaam. Hoja yangu ni kwamba mkato ulioitwa afro haukuwa kuziacha nywele zijiendee, kama wengi walivyodhani. Ulikuwa ufundi, na ushindi wake ulikuwa kumrudishia mwenye kichwa haki ya kujitazama kwa jicho lake. Ulipogeuzwa kuwa amri, ushindi huo ulipungua.

Kabla ya kusimulia yaliyotendwa juu ya nywele hizi, ni vema kuzijua zenyewe. Unywele ulionyoka huota katika kishimo kilichonyoka chini ya ngozi. Unywele wa kipilipili huota katika kishimo kilichopinda, nao hutoka umekwisha kujikunja. Ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, wa kwanza hukaribia umbo la duara, na wa pili huonekana umebanwa mfano wa yai. Katika tofauti hii ndogo hutoka mambo matatu makubwa. Kwanza, mafuta ya ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi katika njia yenye kona nyingi, kwa hiyo ncha hukauka na kukatika upesi. Pili, urefu unaoonekana si urefu wa kweli: nywele hizi zikikauka huweza kujikunja hata zikaonekana nusu ya urefu wake au chini ya hapo. Tatu, ilhali nywele zilizonyoka huanguka kwa uzito wake, hizi hushikana na kubebana, zikasimama.

Jambo hili la tatu ndilo asili ya hitilafu zote kati ya kichwa na mkasi. Mkataji wa nywele zilizonyoka hufanya kazi ya mstari: huzilaza, huzipima zikiwa na maji, hukata ukingo, nazo hukaa alipoziweka. Mkataji wa nywele za kipilipili hufanya kazi ya umbo, kama mfinyanzi au mchongaji. Hana budi kuuzunguka mzigo wote na kuutazama kila upande. Akizipima zikiwa na maji, zitampanda juu zikikauka, na mteja ataondoka na nywele fupi kuliko alizoomba. Akizikata zote kwa kipimo kimoja, zitalala utosini na kutanuka chini masikioni, hata kichwa kifanane na pembe tatu. Hapo mteja huambiwa kuwa nywele zake ni kaidi. Kwa kweli nywele zimetii maumbile yake. Kilichokosa ni elimu ya aliyezikata.

Pwani yetu haikukosa elimu hiyo wala maneno yake. Kiswahili kina kitana cha meno madogo, na kina chanuo, lenye meno marefu yaliyoachana, ambalo huingia katika nywele nzito bila kuzivunja. Kina msusi na kinyozi, kila mmoja na kazi yake. Kina shungi, na kina denge, ambao ni unyoaji wa kuacha nywele utosini. Watu wasio na ufundi wa jambo hawalipi majina mengi hivyo. Hata hivyo lugha hiyohiyo ilihifadhi mizani yenye kuegemea upande mmoja. Nywele laini zilizonyoka zikaitwa za singa, na neno hilo likawa sifa; zile nyingine zikafananishwa na punje za pilipili, na neno hilo likatumika mara nyingi kwa dhihaka. Tusidhani, basi, kwamba kisa cha Marekani ni cha ajabu ya mbali. Mzani wake tulikuwa nao nyumbani. Tofauti ni kwamba huko uliungwa mkono na sheria, biashara na nguvu.

Watu waliopelekwa Marekani utumwani walitoka katika nchi ambazo ususi ulikuwa kazi ya saa nyingi na ya mikono iliyozoeana. Utumwa uliwanyima saa hizo na vyombo hivyo. Baada ya uhuru wa mwaka 1865 umaskini uliendelea, na pamoja nao taabu ya maji, lishe duni na maradhi ya ngozi ya kichwa, hata wanawake wengi wakapoteza nywele. Huyu ndiye mteja ambaye Sarah Breedlove alimjua, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Louisiana mwaka 1867, akafanya kazi ya udobi, akawa wakala wa Annie Turnbo, mwanamke mweusi aliyekuwa akiuza dawa za nywele, kisha akaanzisha biashara yake kwa jina la Madam C. J. Walker. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa mmoja wa wanawake matajiri weusi mashuhuri kabisa wa nchi ile, naye alikuwa amewapa maelfu ya wanawake kazi isiyokuwa ya jikoni kwa watu wengine.

Imekuwa desturi kumlaumu Walker kwa kufundisha watu kunyoosha nywele. Lawama hiyo ina sehemu ya haki, maana chanuo la chuma lililopashwa moto lilikuwa miongoni mwa vyombo vya kazi yake. Lakini mwenyewe alisisitiza kuwa anakuza nywele na kuponya ngozi, na wateja wake walimwendea kwanza kwa haja hiyo. Mwanahistoria hapaswi kumhukumu mgonjwa kwa dawa aliyoipata. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini, baada ya nywele kupona, mkato wa kupendeza ulifikiriwa kuwa lazima upitie motoni.

Njia za kunyoosha zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hilo chanuo la moto pamoja na mafuta. Moto hulegeza vifungo vyepesi vya unywele, nao hunyoka. Lakini maji huvirudisha vifungo hivyo mara moja. Kwa sababu hiyo mvua, jasho, bwawa la kuogelea na mvuke wa jikoni vilikuwa adui wa kila wiki. Njia ya pili ilitumia kostiki, ileile itengenezayo sabuni, ambayo huvunja vifungo vyenyewe vya ndani, nywele zisirudi tena mpaka nyingine ziote. Malcolm X, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1965, alieleza jinsi alivyochanganyiwa kostiki kwa mayai na viazi, akapakwa, akaungua kichwani, na bado akatazama kioo kwa furaha. Baadaye aliihesabu siku hiyo kuwa hatua yake ya kwanza kubwa ya kujidhalilisha. Ushahidi wake una thamani kwa kuwa hakuficha ile furaha. Mtu hufurahi kweli anapofikia kipimo cha wakati wake, hata kama kipimo chenyewe kimemwonea.

Kipimo hicho kilikuwa na meno. Mwanamke aliyetafuta kazi ya ofisini au ya ualimu alijua kuwa nywele zisizonyooshwa zingehesabiwa kuwa uchafu. Afrika Kusini jambo lilifika mbali zaidi. Baada ya sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi zao, maafisa walipotia shaka walikuwa wakiingiza penseli katika nywele za mtu. Ikianguka, huenda akaandikwa mzungu. Ikinasa, huandikwa katika kundi jingine, na pamoja na andiko hilo hubadilika mtaa wake, shule ya watoto wake na ndoa yake. Mbele ya mambo kama haya, haifai kusema kuwa uchaguzi wa mkato ulikuwa upuuzi wa wapenda kioo. Msokoto wa unywele uliweza kuwa hukumu.

Mgeuko wa kwanza ulianza kwa watu wachache waliosimama jukwaani, ambao riziki yao ilitegemea kutazamwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwimbaji Odetta alikata nywele zake fupi na kuziacha katika msokoto wake. Mwaka 1959 Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliwasili New York. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba kabla ya kupanda jukwaani alipelekwa kunyooshwa nywele. Alipojiona katika kioo hakujitambua, akaziosha mpaka zikarudi. Tangu hapo kichwa chake kilichokatwa kwa ufupi kilijulikana duniani kama sauti yake. Mwaka 1963 Cicely Tyson akaonekana na nywele za namna hiyo katika mchezo wa televisheni, yeye akiwa na sehemu ya katibu katika ofisi, yaani mahali pale hasa ambapo nywele hizo zilikuwa zimekatazwa.

Harlem nako, tarehe 28 Januari 1962, jumuiya ya wasanii ambayo Kwame Brathwaite na nduguye Elombe Brath walikuwa miongoni mwa waasisi wake ilifanya onyesho la mavazi na nywele katika ukumbi wa Purple Manor. Mabinti walioonyesha, walioitwa Grandassa, walikuwa weusi wa rangi iliyokolea na hawakunyoosha nywele. Onyesho lilikusudiwa kufanywa mara moja; watu walivyofurika, likarudiwa, likaendelea miaka kadhaa. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard walimchagua malkia wa sherehe yao Robin Gregory, ambaye hakuzificha nywele zake za asili. Chuo kile kilikuwa nyumba ya wasomi weusi, na hapo ndipo mtu aweza kuona kwamba jicho la ndani lilikuwa limeanza kubadilika, si la nje peke yake.

Sasa tuutazame mkato wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu hukosea zaidi. Baadhi ya waliouchukia walisema ni uvivu, na baadhi ya walioupenda walisema ni maumbile matupu. Wote wawili hawakumwona fundi. Afro iliyokaa vizuri haioti hivyo. Nywele za kichwa haziendi kwa mwendo mmoja: za panja huwa laini na chache, za utosini hujizungusha, za kisogoni hubanana. Zikiachwa, hutoa mabonde na vilima. Fundi huziosha, huzitia mafuta, huziacha zikauke, huzichanua kutoka shinani mpaka zisimame zote kwa urefu wake wa hewani, kisha hukata kidogo kidogo huku akizunguka, akirudi nyuma hatua mbili kutazama kivuli cha kichwa ukutani au katika kioo. Hakati mahali; hukata umbo. Na umbo hilo halikuwa moja kwa watu wote. Uso wa mviringo ulipewa kimo juu na kupunguzwa kando. Uso mrefu ulipewa upana kando na kushushwa juu. Paji pana lilivutiwa nywele kidogo mbele. Shingo fupi ilisafishwa kisogo ipate kuonekana. Mwenye sura nzuri ya fuvu aliambiwa akate fupi kabisa, kama Makeba, maana urefu ungeficha neema yake.

Vinyozi wengi hawakuupokea mgeuko huu kwa shangwe. Vijana waliokuwa wakija kila wiki mbili walianza kuja kwa nadra, na vibanda vingine vilifungwa katika miaka ya mwisho ya 1960. Waliosalia walijifunza upya. Ni jambo la kutafakari kwamba mafundi hawa walikuwa wamekaa miaka na miaka na nywele za jamaa zao wenyewe mikononi, na bado iliwabidi kujifunza kuzikata zilivyo. Mtu aweza kukaa na mali yake asijue matumizi yake.

Chombo cha kazi hiyo nacho kina historia. Mwaka 1969 wamarekani wawili, Samuel Bundles na Henry Childrey, waliomba hataza ya chanuo lenye meno marefu kwa ajili ya nywele hizi, na mwaka 1972 likatoka lile mashuhuri lenye ngumi iliyofumbwa mpininini. Vyombo hivyo vilipokelewa kama uvumbuzi. Lakini katika makaburi ya kale ya bonde la Nile yamepatikana machanuo ya mfupa na pembe yenye meno marefu, yaliyotengenezwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na makumbusho ya Fitzwilliam ya Cambridge yaliyaonyesha mwaka 2013 pamoja na ndugu zake wa siku hizi. Bibi wa Lamu au Bagamoyo angalilitambua chanuo hilo bila kuhitaji karatasi ya hataza. Msafiri alikuwa amezunguka bahari akarudi kwao kwa jina jipya.

Ndipo ulipokuja mgeuko wa pili. Mwezi Agosti 1970 serikali ya Marekani ilitoa picha ya Angela Davis katika orodha ya watu wanaotafutwa, na afro yake ikabandikwa katika kuta za nchi nzima. Mahakama ilimwona hana hatia mwezi Juni 1972. Katika insha ya mwaka 1994 Davis aliandika kwamba wanawake wengi wenye afro walisumbuliwa na polisi kwa kufananishwa naye, na kwamba ilimsikitisha kukumbukwa na kizazi kipya kama mtindo wa nywele tu. Upande wa pili, miongoni mwa vijana wa harakati, ukubwa wa afro ulianza kuhesabiwa kama ukubwa wa imani. Aliyekata fupi au aliyenyoosha alitiliwa shaka. Biashara nayo haikulala. Kampuni ya Johnson ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1954, na iliyokuwa imetajirika kwa dawa za kunyoosha, ikatoa mafuta ya kung'arisha afro; mwaka 1971 ikawa kampuni ya kwanza ya weusi kuuza hisa zake katika soko la American Stock Exchange. Mwishowe zikauzwa afro za bandia, za kuvaliwa na wale ambao nywele zao hazikufikia kipimo. Kipimo kilikuwa kimerudi, kimebadili vazi.

Tanzania ililishika suala hili kwa mkono wa chama. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na nywele za bandia. Hoja ya viongozi ilikuwa ya heshima: nchi iliyojikomboa haipaswi kuvaa dharau ya mtawala kichwani mwake. Mwacha asili ni mtumwa. Lakini barua nyingi zilizotumwa kwa magazeti ziliuliza maswali yasiyojibika kwa rungu. Je, asili ni ipi, na nani aliyepewa kuipima? Kwa nini vipimo vingi viliangukia miili ya wanawake wa mjini, nao vijana wa kiume ndio wakawa wapimaji barabarani? Mtu aliyevuliwa nywele za bandia mbele ya kadamnasi hakufundishwa kuzipenda zake, alifundishwa kuogopa. Kusudi lilikuwa kumtoa katika jicho la mkoloni, na njia ikamtia katika jicho jingine lililomkodolea vilevile.

Tangu wakati ule mambo yamekwenda polepole kuelekea mahali ambapo mwenye kichwa anaulizwa kwanza. Mwaka 1981 mahakama moja ya New York iliruhusu shirika la ndege kumkataza mfanyakazi wake kusuka nywele, kwa hoja kwamba ususi ni mtindo wa kuchagua tu. Miaka 38 baadaye, mwezi Julai 2019, jimbo la California lilitia saini sheria inayokataza kumbagua mtu kwa nywele za asili au za kusuka katika shule na kazi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba shule haikuwa na haki ya kumzuia mwanafunzi wa imani ya Kirasta kwa sababu ya nywele zake zilizosokotwa. Ufundi nao ulipiga hatua: kitabu cha Lorraine Massey cha mwaka 2001 kilieneza nchi za Magharibi desturi ya kuzikata nywele za msokoto zikiwa kavu, msokoto mmoja mmoja, jambo ambalo mafundi wa afro walilijua kwa mikono kabla halijaandikwa.

Historia hii yatufundisha nini juu ya kuchagua mkato? Yatufundisha kwamba mashauri ya fundi mwema ni machache, na yote huanzia kwenye kichwa kilichopo. Zitazame nywele zikiwa kavu na zimesimama, ujue zinaelekea wapi zenyewe. Utazame uso, ujue unataka kimo au upana. Ukumbuke kwamba urefu utakaobaki ni ule wa baada ya kujikunja. Uyahesabu maisha ya mwenye nywele: ana saa ngapi asubuhi, anafanya kazi juani au kivulini, ana maji ya kutosha au ya kubebwa kwa ndoo. Mkato unaodai muda ambao mtu hana hautampendeza zaidi ya siku mbili. Katika mashauri hayo hamna lililo la chama wala la biashara, na kwa sababu hiyo hayana budi kumwacha mtu huru: anyoe kipara, asuke, achanue afro, au azinyooshe ikiwa amejua gharama na amekubali.

Lakini ziko gharama za kujua na ziko gharama za kuchagua bila kujua. Vizazi viwili vya Marekani viliunguza ngozi za vichwa vyao si kwa kuwa walikuwa wapumbavu, bali kwa kuwa hakuna kinyozi aliyewaonyesha kichwa chao kikiwa kimekatwa vizuri kilivyo. Walikataa kitu ambacho hawajapata kukiona. Na kizazi kilichofuata, kilipokwisha kukiona, kilitaka kumlazimisha kila mtu akipende kwa ukubwa uleule. Kati ya makosa hayo mawili kuna kiti, kitambaa shingoni, chanuo, mkasi, na fundi anayeuliza kabla ya kukata. Kinyozi hajinyoi, wala haitawezekana. Linalowezekana ni mwenye kichwa kupewa kioo mkononi, na neno lake kuwa la kwanza.